Mavi ya Shaba

Mlima wetu mweusi wa Lubumbashi haukuumbwa.
Ulimwagwa, toroli kwa toroli,
na babu Kyembe alikuwa mmoja wa wamwagaji.

Mjukuu wake, Profesa Ngoie,
mwaka wa thelathini na mmoja sasa
anauomba utapike ulichomeza:
kijiko, chupa, asidi, subira.
Umeme ukikatika hukoroga kwa mkono,
akihesabu kwa sauti kama abembelezaye mtoto.

Jana maji yaligeuka waridi. Kobalti!
Gramu nne.
Wanafunzi wakapiga makofi.

Akavua miwani.
"Babu alilipwa kwa tani,
na mapafu yake hakuna aliyeyapima.
Andikeni: gramu nne."

Kisha akaziosha chupa upesi,
maana bomba la chuo
hukauka saa kumi.