Zege Halilali

Ijumaa usiku Tveit alikodi taa za mafundi wa barabara
akamwaga msingi wa ghorofa tatu
kwenye kiwanja kinachotazamana na jiko langu.
Machi ya Montana, baridi ya kukata masikio,
na mvuke ukipanda kutoka kwenye matoroli
kama jikoni kwa mtu mwenye wageni.

Jumatatu tukashinda. Kura sita kwa moja:
Mtaa wa Larch, ghorofa moja, basi.
Nilibisha milango themanini na tatu kutafuta sahihi,
nikaumwa na mbwa wa akina Dufresne.

Sheria ikafika asubuhi, imevaa ikapendeza,
ikakuta zege limeganda.
Mwanasheria wa mji akavua miwani:
Kibali alikuwa nacho, Bi Hjordis,
na fedha ameshazifukia.
Haki yake imeota mizizi. Ya leo haiing'oi ya jana.

Nikarudi na hasira zangu zote
nikaketi nazo kibarazani,
kibaraza alichojenga baba mwaka wa hamsini na nane,
futi mbili tu kutoka kwenye uzio.
Vipimo vya sasa vinataka kumi.
Hakuna aliyewahi kuja na nyundo.

Jumanne mafundi wakaomba maji ya moto.
Nikawapa. Kahawa sikuwapa.

Kufikia vuli, jua la jikoni litakoma saa nane.
Nalihesabu.
Nakunywa kahawa yangu peke yangu
juu ya mbao ambazo sheria ilizikuta,
ikazitazama,
ikapita.