Kumi na Moja ni Kinu cha Pamba

Kijana wa halmashauri kaja na daftari,
ataka historia ya Malindi, asema,
"kabla wenye kujua hawajaisha."
Nikamwambia karibu kitako, nikammiminia kahawa,
nikamwambia: andika kumi na moja.

"Kumi na moja ndiyo nini, bibi?"

Ni kinu cha pamba.
Kibati cha shaba kikianguka kwenye ubao, tak!,
nilisikia mashine kabla sijasikia mtu,
kisha pumzi ya Tinga, karani, kifua kimejaa vumbi:
"Mombasa, binti, na leo usinikatie."
Kinu hakipo. Pale wauza vigae vya vyoo.
Tinga bado akohoa
katika sikio langu la kushoto.

Mimi mji huu sikuujua kwa macho.
Miaka kumi na tisa nimeupa mgongo,
uso ukutani, posta, kiti kirefu,
nyaya kumi na mbili mapajani kama mashada ya ukili.
Niliujua kwa mikohozi.
Tisa, duka la Kassamali, majora na vifungo:
aulizia mke, watoto, mkwe, mguu wa mkwe,
dakika tatu zaisha bei ya kaniki haijatajwa.
Kumi na nne, hospitali. Hiyo nikiiunganisha
vidole vikiwa baridi.
Mbili, ofisi ya disii. Mbili haikujua hujambo.
Bendera ikashuka, nyingine ikapanda,
sauti ya Mbili ikageuka, ikawa ya kwetu,
na hujambo bado haikuijua.

Kijana kacheka. Nikamwambia usicheke, andika.

Andika na wasiokuwa na nambari.
Maweni hakuna. Barani hakuna. Ganda, usiseme.
Mtu wa huko akipigiwa, Mbarak alitumwa na baiskeli
kumwita kwa ajili ya kesho, saa nne,
na kesho saa nne wakaja wameoga,
wamevaa za Idi, kuja kusikiliza simu.

Bi Nyevu alitoka Ganda kwa miguu, hando jeupe,
mwanawe yuko Kilindini apakua makaa.
Nikamshikisha mkono wa simu. Nikamwambia, sema.
Hakusema.
"Mama? Mama, ni wewe?"
Naye atikisa kichwa, ndiyo, ndiyo,
atabasamu, amwonyesha kwa kidole
jino lililong'oka.
Dakika tatu.
Akafungua fundo la leso, akahesabu senti, akalipa.
"Tumezungumza vizuri," akaniambia.

Mwaka Sabaki ilipobeba daraja
nguzo zilikwenda nalo, na nyaya,
na mbuzi wa watu wa Mambrui.
Siku kumi na moja nimekaa mbele ya ubao mkavu.
Niliuchomeka hivyo hivyo, asubuhi, shimo kwa shimo,
"Malindi hapa. Malindi hapa,"
mpaka mkubwa wangu akanituma nyumbani nikalale.

Kisha fundi wa Nairobi akaleta kabati la kijivu
lisilomjua mtu. Nilipewa cheti
na saa ya mezani. Saa ilikufa kabla ya cheti kupauka.

"Na mazungumzo ya watu, bibi, ulikuwa ukiyasikiliza?"
Kanuni zilikataza.
"Najua. Lakini ulisikiliza?"
Kanuni zilikataza, mwanangu. Ongeza kahawa.

Akageuza ukurasa. Zimebaki zipi?
Ishirini na mbili, hoteli ya Mwitaliano, matusi na samaki.
Ishirini na tano, msikiti, wa mwisho kukubali simu,
wa kwanza kulalamika kuwa haisikiki.
Ishirini na saba...
Ishirini na saba andika, kisha acha mstari.
"Ilikuwa ya nani?"
Acha mstari.

Akaacha. Mtoto ana adabu, kalelewa.
Jua lilikuwa limefika kwenye miguu ya mkeka
alipofunga daftari, akaniomba nambari yangu
apate kunipigia akisahau kitu.

Yangu?
Yangu siijui. Ngoja mjukuu arudi, umuulize.