Safu ya Tatu

Daftari lilikuja na safu mbili:
yupo, hayupo.
Nilikabidhiwa Mtama, mwisho wa semina ya siku mbili,
chai na chapati, nauli ya kurudi,
na sharti moja la kukariri:
mtoto asipohudhuria, ruzuku ya kaya inakatwa.
Nikaitikia pamoja na wenzangu.
Ilikuwa Septemba. Lukuledi ulikuwa uzi wa maji mchangani,
hata wenye viatu walivuka bila kuvivua.

Aprili ukaamka.
Ukazoa mbaazi zingali za magoti,
ukazoa choo cha wasichana, ukabakisha mlango,
umesimama wima peke yake
kama mgeni anayewapigia hodi maji.

Siku kumi na saba
niliita majina kwenye ghala la korosho,
maana darasani tope lilikuwa limekaa madawati yote.
Somoe Chinguile. Hayupo.
Bakiri Nandonde. Hayupo.
Fadhila Litunu.
Fadhila nilimwona, kwa macho yangu haya,
ng'ambo, juu ya kichuguu, ndani ya sare,
amenyoosha mkono
kana kwamba nimeuliza swali na jibu analo.
Nikaandika: hayupo.

Juni bibi yake akaja na simu ndani ya mfuko wa sukari.
"Nisomee, mwalimu."
Nikasoma: malipo yamepunguzwa, masharti hayakutimizwa.
Binti Namkulala hakulia.
Alikunja ule mfuko, akaukunja tena, akauliza:
"Na mto nao waliusomea hayo masharti?"

Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Yeye ufa hana.
Ukuta ulishateremka kwenda Lindi mjini kwa njia ya maji,
na ndani yake kopo la maziwa lenye vyeti
vya wajukuu watatu,
ambao sasa, kwa mujibu wa dirisha namba mbili,
hawajazaliwa.

Nina mdogo wangu Ndanda.
Mvua ikishika huko juu, hunipigia.
Maji hutembea usiku kucha kutufikia.
Usiku kucha!
Na pesa ya simu haingoji hata uji uchemke.
Basi kwa nini kila mwaka maji ndiyo yanayotangulia
na pesa inafuata nyuma, mwezi wa pili, wa tatu,
imepungua, imechoka,
ikiuliza nani alihudhuria?

Nilikwenda wilayani kuuliza hivyo hivyo.
Kijana wa kompyuta alikuwa na adabu, alinipa kiti.
Akatafuta, akashusha, akapandisha.
"Mama, mfumo hauna sehemu ya mto."

Nikanunua rula.
Nikachora safu ya tatu, kwa penseli,
kwa sababu na mimi nina mwajiri, nina watoto.
Juu yake nikaandika: mto.
Nikarudi Aprili nikamhamisha Fadhila, siku moja moja,
mto, mto, mto, mara kumi na saba.
Fomu ikarejeshwa na alama ya kuuliza, nyekundu, kubwa.
Nikaipitisha wino ile safu.
Sikujibu kingine.

Leo simu ya Ndanda imeita saa moja jioni.
Nimeenda mlango kwa mlango na tochi:
vusheni watoto sasa hivi, na vyeti, kwa wenye vyeti.
Pesa haijaja.
Unga tumechangishana, bakuli kwa bakuli,
na hautafika Ijumaa, nimeupima.
Lakini wamevuka wote ishirini na watatu,
wamelala ghalani juu ya magunia matupu,
na daftari nimelifunga kwenye mfuko wa sukari,
nimelitundika kwenye boriti.

Nje tayari unasikika.
Fadhila amevua sare, ameikunja vizuri,
ameifanya mto.
Huo ndio pekee nitakaoukubali usiku huu
karibu na kichwa cha mtoto.