Mfuniko wa Arubaini na Moja

Mifuniko mia tatu na kumi na miwili tuliichomelea,
ya chemba za maji taka, kutoka Ruwi
hadi kwenye kona ya duka la dawa, Wadi Kabir.
Siku nne, usiku tu.
Mchana chuma cha Maskati hakishikiki.

Msimamizi wetu, Muhanna bin Zahran,
aliyetolewa Wete angali anabebwa,
alituambia kwa Kipemba chake cha kurithi:
"Gari hizi za kiti kimoja hazipiti juu ya njia, zainyonya.
Tumbo lao li chini, lavuta pumzi.
Mfuniko usofungwa hunyanyuka,
na ukinyanyuka kwa kasi ile
si mfuniko tena. Ni shoka."

Alama nne kila mfuniko, kama miguu ya kitanda.
Mimi Semkiwa, fundi mageti wa Muheza,
niliyezoea kufunga vitu ili wezi wasiingie,
nikafunga barabara ili isiruke.

Wa arubaini na moja uko mbele ya mshonaji wa Kibaluchi.
Kijiti changu cha mwisho kiliishia alama ya tatu.
Saa kumi alfajiri. Gari la vifaa limeshaondoka.
Muhanna akapita na tochi: "Tayari?"
Nikasema: "Tayari."
Neno dogo hilo. Tangu Jumatano limenikaa kooni
kama mwiba wa changu.

Jumamosi usiku wakanipa koti la rangi ya ndimu
na mfagio, nisimame nyuma ya waya, hatua thelathini kutoka pale.
(Sikuomba. Naapa sikuomba.)
Jukwaani watu wamelipa mshahara wangu wa miezi mitatu
kisha wakaziba masikio.

Taa tano nyekundu ziliwaka moja moja,
zikazima pamoja.

Mlio ule hauingii sikioni, huingia mbavuni.
Magari ishirini, mizunguko hamsini na minane.
Wote waligeuza shingo kulia, kushoto,
kulia, kushoto, kama umati unaokataa jambo.
Mimi niliinama, kama aliyeangusha sarafu.
Na chini ya mlio, kila gari likipita, nilisikia:
tk.
Au nilidhani nasikia.
tk.

Mzunguko wa thelathini na moja, gari la buluu likabusu ukuta.
Bendera za njano. Ukimya ukashuka, mzito kama blanketi lililolowa.
Nikakimbia kufagia vipande vya bawa lake,
vyeusi, vyepesi kama maganda ya korosho,
na kisigino changu kikatua juu ya arubaini na moja.
Ukacheza. Unene wa ukucha, si zaidi.

Salhiya, binti wa bendera, alikuwa na redio kifuani.
Alinitazama. "Kuna nini?"
Nilifungua mdomo.
Nikafikiria kibali changu cha kazi, ada ya shule, bati la mama,
nikafikiria pia shingo ya kijana ndani ya kofia ile ngumu,
naye ana mama.
"Hakuna," nikasema. "Pasafi."

Mizunguko ishirini na saba iliyobaki
niliikimbia yote, nimesimama.

Mshindi alikuwa mfupi, kumbe, na mwenye chunusi.
Wakamrushia maji ya waridi.
Watu wakaimba.

Jumapili usiku tukarudi na grenda kukata tulichounga,
maana mji nao unahitaji kwenda haja.
Wa arubaini na moja haukutaka grenda.
Niliugonga nyundo mara moja
ukafunguka, kama mlango uliokuwa ukinisubiri.
Muhanna akachuchumaa. Akapitisha kidole:
moja, mbili, tatu. Akarudia.
"Huko kwenu Muheza," akasema, "nne hamna?"
Akainuka, magoti yakilia,
akaenda kwenye wa arubaini na mbili.
Mpaka leo hajasema lingine.
Heri angesema.

Mwanangu alikuwa ameniandikia kwenye simu:
Baba, umeziona gari? Zina rangi gani?
Nikaandika: Nimeziona. Nyingi. Za rangi zote.
Nikasoma.
Nikafuta, nikabakiza
Nyingi.