Zamu ya Kufuta

Saa kumi na moja kasorobo Famau amenipa ndoo,
brashi ya chuma, chupa ya tina, glavu moja ya kushoto.
"Na ya pili?"
"Ya pili ingali kwenye bajeti, mama Umazi."
Wakubwa watapita hapa saa tatu.
Jiwe liwe jeupe, amesema. Liwe kama halikuguswa.

Barabara ingali yawasha mato. Moshi wa jana
umelala chini ya vibanda, umeingia hata kwenye mahamri
ya Bi Rukia, aliyefungua kama kawaida,
na wateja wafuta machozi huku wakiitisha mbaazi.
Na viatu. Sijui kwa nini watu wakikimbia huacha kimoja.
Nimeokota kumi na tisa, sikupata jozi.

Juu, watu wa shaba wamebeba mizigo ile ile.
Chini, maandishi yawashukuru wapagazi kwa jumla,
kama mtu ashukuruvyo mvua.
Jina halimo hata moja.
Babu wa mamangu alitoka Rabai akaenda na kariakoo,
kichwani kasha la risasi zisizo zake.
Hakurudi. Lilirudi blanketi.
Nyanya akalikata vipande vinne ugomvi usizuke,
ukazuka.

Na usiku huu wamekuja vijana, wameandika:

*Mwalisimamisha jiwe, jina hamkuliweka*
*Nasi twaja tuambiwe, ni wapi walikofika*
*Tsuma huyu mumjuwe, hafutwi akafutika*
*Brashi zenu na ziliwe, jina lake lasomeka*

Nikahesabu kwa vidole: nane kwa nane,
kina hakikuyumba.
Mabomu ya machozi yalia, mtu kakaa akapima mizani!
Saa moja redio itamwita mhuni.
Nikafuta. Kazi ni kazi, nina mtoto kidato cha pili.
Shairi lilitoka upesi. Lilikuwa rangi ya maji.

Jina, hapo juu, lilikuwa rangi ya mafuta,
nyekundu, herufi kubwa kama milango: TSUMA.
Alianguka Jumanne, wasema.
Wengine wasema hakuanguka, aliangushwa.
Famau asema hakuna mtu kama huyo,
ameuliza ofisini.
Kwetu majina huzunguka, babu humwachia mjukuu.
Yule wa blanketi naye alikuwa Tsuma.
Sikumjua huyu, sikumjua yule,
na mkono wangu usio na glavu ulikuwa umeanza kuchubuka.

Nikafuta T. Nikafuta S.
Nikarudi nyuma hatua tatu niione kazi yangu.
Jiwe likasema: UMA.

Nikakaa juu ya ndoo.

"Bado herufi tatu," akasema Famau.
"Brashi imekwisha meno."
Akaitazama. Meno yalikuwapo yote.
Akatazama jiwe, akatazama saa yake,
kisha akapiga picha upande uliosafika
akaituma kwa wakubwa.

Mwezi wa nne huu. Hakuna aliyenituma tena pale,
wala sikukumbusha mtu.
Wanafunzi wabishana: ni UMATI, rangi iliwaishia;
la, ni UMASKINI, askari waliwahi.
Mwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara ashuku
ni tangazo la mshindani wake, muuza vijiko.
Nimemsikia mtembeza wageni akieleza, bila aibu,
kwamba ni jina la fundi aliyechonga.
Mgeni akaandika kwenye daftari.

Na yuko mama mmoja. Huja Ijumaa kutoka Kisauni,
hasalimiani na mtu.
Huchovya kidole kwenye chupa ya maji
na pale mbele ya U, kwenye weupe niliousugua mimi,
huandika mbili zinazokosekana.
Hukauka kabla hajavuka barabara.