Kilo Tisa na Nusu

Zamani dirisha hili lilitaka mikono yangu tu:
kuhesabu mbilimbili kwa kisu kisicho makali,
kufunga bahasha ya kaki, kuandika 1 x 3,
kusema "ugua pole," na kunyamaza.

Sasa jina langu liko ukutani, Nkwimba Shija,
fundi dawa sanifu, namba chini yake,
na muhuri wa Baraza uliopaushwa na jua la Kirumba.
Mkaguzi akija haanzi na rafu; anaanza na mimi.

Asubuhi alikuja mchuuzi wa dagaa, kavaa gambuti:
"Nipe rangi mbili, tatu tu, kifua kinabana."
Nikamdai cheti. Akacheka:
"Shule imekuharibu, dada. Mwaka juzi ulinipa."
Ni kweli. Nilimpa.

Jioni Mbuke akaleta mtoto na karatasi ya daktari.
Nikasoma mara mbili. Kipimo cha mtu mzima.
Zahanati imeshafungwa; tukavuka barabara hadi mwaloni,
tukamlaza kwenye karai la mizani ya sangara,
katikati ya magamba.
Wapima samaki wakanyamaza mpaka mshale ukatulia.

Nikapiga simu.
"Nani mwenzangu?"
"Fundi wa dirishani."
Kimya kirefu, ziwa likipiga mawe.
Kisha: "Hebu soma tena."
Kisha: "Punguza. Umeona vyema."

Nikaandika daftarini, nikatia sahihi,
kwa kalamu ileile ya 1 x 3,
mkono ukitetemeka kidogo.
Kisiginoni mwa mtoto gamba moja lilimeta.
Sikulibandua.