Godoro la Keko

Saa tano asubuhi, maabara ya Chang'ombe.
Feni inakwaruza, LUKU imebaki yuniti tatu.
Ndani ya chupa ya duara nimeweka yurea kidogo,
chembe nyeupe za gunia lililolowa Kurasini,
na asidi juu yake, na koili chini.

Yurea haina pupa.
Inachemka kama maharage ya mwaka juzi,
unakaribia kuikatia tamaa ndipo unaona
kiputo, kisha kingine;
hewa ya kaboni inapanda mrija
na maji ya chokaa yanageuka tui.
Hiyo ndiyo sehemu inayoondoka.

Nyingine haiondoki.
Amonia inazaliwa, papo hapo asidi inaidaka,
inaivisha chumvi, inaiketisha majini.
Wanafunzi wananusa mdomo wa chupa:
Madam, mbona haijavunjika?
Imevunjika. Imenyamazishwa.

Mama hakusoma kemia.
Alikuwa na fungu la ndimu.
Keko, wapangaji saba na bomba moja,
kila alfajiri aliegemeza godoro ukutani
akalisugua kabla Mama Siwema hajafungua dirisha.
Kufika adhuhuri lilinukia achari.
Lakini doa halisikii ndimu,
na waliolicheka doa walimcheka Chande,
miaka saba, kichwa chini, ndoo mkononi.

Sasa natia kostiki.
Tone, na tone, na tone, mpaka asidi ishibe.
Chupa inapata joto kiganjani
na mara inatoka, kali, ya kutoa machozi.
Litmasi nyekundu inakuwa buluu.
Pendael anarudi nyuma akikohoa, wenzake wanamcheka.

Ni harufu ile ile.
Miaka thelathini na mmoja, haikupungua hata chembe.

Nimejaza daftari: uzito, saa, joto.
Nimetoka kibarazani nikapiga simu Mbagala.
"Chande," nikasema, "lile godoro.
Hukuwa wewe."
Nyuma yake randa ya umeme ikazimwa.
Nikasikia anapuliza vumbi la mbao.

"Dada, mimi nilikuwa macho,
kila ulipokuwa unanisukuma upande wa maji."

Sikuwa na neno. Akaniachia muda,
halafu randa ikawaka tena, akapaza sauti:
"Jumapili ukija, pitia ndimu.
Kuna samaki."